Ukurasa wa Jumanne

Jumanne, tarehe saba Novemba 2017, jua lilipokuwa limechungulia tu juu ya ukingo wa mwamba, msichana wa miaka kumi na sita aitwaye Delphine Aukerman aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Alikwenda nyuma ya mierezi mifupi huku akiita jina lake mwenyewe kwa sauti, kama wanavyotakiwa wasichana wote wa kambi ile ya nyikani, ili mlezi asiyemwona aendelee kumsikia. Delphine. Delphine. Delphine. Mlezi alihesabu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuja.

Alipatikana saa tisa alasiri siku hiyo hiyo, chini ya korongo jembamba, kilomita mbili na nusu kutoka kambini. Mguu ulikuwa umevunjika na koti hakuwa nalo. Daktari wa kaunti alisema kilichomuua ni baridi, na baridi haikuwa na haraka. Msichana alikuwa hai mpaka saa tano ya mchana, pengine hata saa sita.

Polisi walipigiwa simu saa sita na dakika tano.

Ijumaa asubuhi Verl Ence alikuwa kwenye chumba cha mahojiano cha kaunti ya Larkin, kusini mwa Utah, akiwa na kalamu mbili na faili jembamba. Yeye ndiye alikuwa mpelelezi pekee wa kaunti. Walikuwa wawili, ila wakubwa waliifuta nafasi ya mwenzake mwaka uliopita, na mwaka huo huo ukumbi wa vikao ukapata zulia jipya. Ence aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaenda kuchimba makaa ya mawe, na upelelezi aliujifunza kwa kuwasikiliza watu wakijichanganya wenyewe.

Mbele yake alikaa mlezi, Tamsin Pelkey, miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Maine. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi na moshi, na nywele zake zilinuka kuni mpaka mlangoni. Alikuwa ameshaambiwa kwamba Jumatatu mwendesha mashtaka wa kaunti atamfungulia kesi ya kusababisha kifo cha mtoto kwa uzembe. Kifungo chake ni miaka kumi na mitano. Alilipokea hilo kama mtu anayesomewa hali ya hewa ya mji mwingine.

"Anza kwenye buti," Ence alisema.

Tamsin akaanza kwenye buti. Usiku buti za wasichana wote nane hutiwa kwenye gunia, na gunia huwekwa chini ya kichwa cha mlezi, kwa kuwa mtu hatoroki mbali jangwani akiwa na soksi. Asubuhi huwarudishia. Jumanne aliwarudishia kukiwa bado na giza kidogo. Wakakung'uta barafu kwenye turubai. Msichana mmoja akaanza kupekecha moto, maana kule hakuna kiberiti, na kundi lisilopata moto hula uji wa shayiri wa baridi. Tamsin akazungumza na ofisi kwa redio ya upepo kama kila asubuhi, akasema wote wanane wako salama. Baadaye Delphine akaomba kwenda.

"Baadaye kiasi gani?"

"Dakika ishirini. Niliandika."

"Aliponyamaza ulifanya nini?"

"Nikamwita. Nikahesabu mpaka kumi. Nikaenda. Nikakuta nyayo zinashuka." Alizungumza bila kupandisha wala kushusha sauti. "Nikarudi, nikamwambia Rustin akae na wale saba, nikapanda juu ya jiwe redio inakoshika vizuri. Nikasema Kundi la Pili, msichana mmoja hayupo, ameelekea kusini, hana koti, leteni watu. Nikajibiwa imepokelewa. Nikamfuata."

"Hilo hukuliandika."

"Nilikuwa nakimbia, afande."

Ence akalitazama faili. Kwa mujibu wa kampuni, iliyojiita Cinder Fork na kuwatunza watoto wa watu wenye uwezo walioshindikana majumbani, hakukuwa na taarifa yoyote ya kupotea kwa msichana mpaka saa sita kasoro dakika kumi. Daftari la redio la ofisini lilionyesha hivyo. Kampuni ikasema mlezi aliona aibu, akatafuta peke yake kwa muda wa saa tatu na nusu nzima, na aliposhindwa ndipo akakumbuka kwamba ana redio. Wao wakawapigia polisi ndani ya robo saa, kama sheria inavyotaka. Ilikuwa hadithi iliyonyooka. Mkurugenzi aliisimulia amevaa tai.

"Nani alikujibu?"

"Dada Spendlove. Ndiye hukaa kwenye redio."

"Una hakika ilikuwa asubuhi?"

"Mzee, uji ulikuwa haujachemka."

Kabla ya kumruhusu, Ence alimtaka atie sahihi kwenye orodha ya vitu vyake, vilivyochukuliwa siku ya tukio. Kisu, filimbi, pete ya fedha, saa ya mkononi isiyo na mkanda. Tamsin alieleza kwamba mkanda huondolewa na saa hufichwa ndani ya shati, kwa sababu wasichana hawaruhusiwi kujua ni saa ngapi. Kundi zima lina saa moja tu ya mkononi, na hukaa kwa mlezi mkubwa. Ence aliigeuza kwenye mwanga. Ilisema saa nne na robo. Ya ukutani ilisema saa tatu na robo.

"Saa yako inakimbia," alisema.

"Sijui. Sijaitazama tangu Jumanne."

Aliandika kwenye kijitabu chake: saa ya P. imetangulia saa nzima. Hakupenda kuliandika, maana lilikuwa neno la kumzamisha. Mlezi mwenye saa mbovu, nani ataamini daftari lake.

* * *

Walezi hukaa nyikani siku nane na kupumzika sita. Zamu ya Tamsin, pamoja na walezi wa makundi mengine, iliingia Jumatano ya tarehe mosi na ilikuwa itoke tarehe nane. Msaidizi wake, Rustin Pehrson, alikuwa kijana wa kanisani aliyerudi mwezi wa nane kutoka kueneza injili, na hiyo ilikuwa zamu yake ya pili. Ence alikuwa amemhoji Jumatano. Siku hiyo alisema wazi kwamba alimwona Tamsin akipanda juu ya jiwe na redio kabla ya mtu yeyote kutia kijiko mdomoni. Alhamisi akapiga simu mwenyewe, sauti imepungua, akasema amefikiri tena na hana uhakika, na kwamba wakili wa kampuni amekuwa mwema sana kwake.

Nayo Alhamisi yenyewe ilipotea. Mkurugenzi alikuwa amemdokeza Ence kuhusu alama za magurudumu karibu na kambi, akauliza kama haiwezekani msichana alikuwa anamfuata mtu. Ence alizifuata zile alama kilomita arubaini, akafika kwa mzee mmoja mwenye trela na mlima wa kuni. Mzee alikuwa amepita pale siku tisa kabla, na risiti ya mafuta alikuwa nayo. Alimuuliza Ence kama serikali haina kazi nyingine.

Kisha, jioni, wale wasichana saba. Walikuwa wamewekwa kwenye nyumba ya kampuni mjini Tolliver wakisubiri wazazi wao, na Ence aliwahoji mmoja mmoja jikoni. Walikuwa wameogeshwa na kuvalishwa mavazi mapya, wakakaa wima kama watu waliokodishwa viti. Aliwauliza wote swali lile lile, Tamsin alipanda na redio saa ngapi. Wawili walicheka. Wa tatu, binti wa Texas mwenye jeraha la kamba ya upekecho kwenye kidole gumba, hakucheka.

"Afande, umetuuliza kitu kimoja tu duniani ambacho ni marufuku sisi kukijua," alisema. "Ukimuuliza Tamsin saa ngapi, anajibu, ni sasa hivi. Wiki kumi na moja, kila siku ni sasa hivi."

Akamwambia anachojua. Moto ulikuwa umeshika. Uji ulikuwa bado maji. Jua lilikuwa halijafika kwenye viatu vyao. Wote saba walisema hayo hayo kwa maneno tofauti. Ence aliyapeleka juu kwa mwendesha mashtaka, aliyeyasoma amesimama. Akamrudishia karatasi akasema hawa ni watoto ambao wazazi wao wenyewe wanalipa fedha nyingi kwa sababu ni waongo, na yeye hawezi kwenda mbele ya jaji na uji.

* * *

Ofisi ya Cinder Fork ilikuwa nje ya mji, zamani duka la vyakula vya ng'ombe. Mkurugenzi, Thayne Haslam, alimpokea Ence mlangoni Ijumaa hiyo saa tano, akamwita Ndugu Ence kama walivyoitana kanisani, akamuulizia mgongo wake na kumletea kikombe cha chokoleti ya moto. Hakusubiri kuonyeshwa kibali. Alikuwa ameshaandaa sanduku.

"Chukua vyote," alisema. "Hatuna cha kuficha. Tumempoteza mtoto."

Ndani kulikuwa na daftari la redio la ofisini na madaftari matatu ya walezi, moja kwa kila kundi lililokuwa nyikani wiki ile. Haslam alieleza kwamba aliyakusanya ya walezi Jumanne ile ile jioni, alipowatoa wote nyikani kwa gari. Ence akauliza ni utaratibu wa kawaida kuyakusanya kabla polisi hawajayaomba. Haslam akasema ni ushauri wa wakili. Ence akauliza Dada Spendlove yuko wapi, maana kiti cha redio kilikuwa na kijana mgeni. Haslam akasema amepewa mapumziko. Ameumia sana moyoni, ni vizuri aachwe.

Juu ya redio ukutani palikuwa na alama nne za gundi mahali ambapo kitu kidogo kilikuwa kimebandikwa. Ence aliziona, akaendelea kunywa.

"Swali dogo," alisema. "Walezi wakiita asubuhi, mnawaambia saa?"

"Hapana. Saa haitajwi redioni kabisa. Wasichana wanasikiliza." Haslam alitabasamu kwa uchovu. "Ni sehemu ya tiba. Mtoto asiyejua saa anaacha kupanga njama, anaanza kuishi. Utafiti upo."

Ence alimaliza chokoleti yake. Akabeba sanduku.

Aliyasoma kwenye gari, ameegesha kando ya barabara ya changarawe, hita ikivuma. Alianza na daftari la ofisi. Kila mara makundi yalipoita asubuhi na jioni, Nedra Spendlove aliandika saa, namba ya kundi, idadi ya wasichana. Mwandiko wa mama mtu mzima, uliolala kulia. Jumatano iliyopita, saa mbili kamili, saa mbili na dakika tano, saa mbili na dakika kumi. Alhamisi vile vile, na Ijumaa, na Jumamosi. Jumapili ilikuwa tofauti: saa moja kamili, saa moja na dakika tano, saa moja na dakika kumi, na pembeni alikuwa ameandika, leo wamewahi. Jumatatu tena saa moja. Jumanne ikarudi saa mbili kamili, mbili na tano, mbili na kumi. Chini yake, saa tano na dakika hamsini: Kundi la Pili, msichana hayupo.

Ukurasa wa Jumanne ulikuwa safi kuliko mingine. Jumapili ilikuwa na doa la chokoleti, Jumatatu imekatwakatwa kwa kalamu mbili. Lakini usafi si ushahidi. Mtu anaweza kuamka siku moja akaandika vizuri.

Akafungua daftari la Tamsin. Redio, saa mbili kamili, kila siku, Jumatano mpaka Jumanne. Kisha siku ya mwisho: saa mbili na dakika ishirini, D. chooni. Baada ya hapo ukurasa mtupu. Akafungua la Kundi la Kwanza. Saa mbili na dakika tano, siku zote saba. La Kundi la Tatu, saa mbili na dakika kumi, siku zote saba.

Akasoma tena Jumapili ya ofisini. Leo wamewahi.

Hawakuwahi. Kwa madaftari yao waliita wakati ule ule wa kila siku.

Saa ya kwenye dashibodi ya gari ilisema saa saba kasoro robo, naye alijua ni saa sita kasoro robo. Ile saa ilikuwa ya kweli miezi minane ya mwaka na ya uongo miezi minne. Mke wake ndiye aliyekuwa akiirekebisha, kila mwaka, usiku ule wa Jumamosi nchi nzima inaporudisha saa zake nyuma kwa saa moja kwa ajili ya majira ya baridi, na mke wake alikufa miaka mitatu iliyopita kwenye gari la wagonjwa, katikati ya njia ya kilomita mia moja na thelathini, baada ya wakubwa kuifunga hospitali ya Tolliver. Tangu hapo hakuna aliyeigusa.

Ence aliitazama saa ya dashibodi. Kisha akachukua kalenda ndogo ya kampuni ya mbolea iliyochomekwa kwenye kizuizi cha jua juu ya kioo cha mbele.

Nchi ilirudisha saa nyuma usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe tano. Walezi waliingia nyikani tarehe mosi. Simu hazishiki kule. Saa haitajwi redioni. Hapakuwa na njia yoyote ya mtu kuwaambia. Kuanzia Jumapili walezi wakubwa wote watatu walikuwa wakiishi kwenye saa ya kiangazi, saa nzima mbele ya dunia nyingine, na kila asubuhi saa zao zikisema mbili, ukuta wa Nedra Spendlove ulisema moja. Nedra akaandika alichokiona ukutani. Jumapili saa moja. Jumatatu saa moja.

Jumanne ilitakiwa kuwa saa moja.

Aliandika hesabu hiyo pole pole kwenye kijitabu, kama alivyofundishwa na msimamizi wake wa mgodini, jambo moja kwa mstari mmoja. Saa ya Tamsin si mbovu. Ukurasa wa Jumanne haukuandikwa Jumanne asubuhi kwa kutazama ukuta. Uliandikwa baadaye, na mtu aliyekuwa ameketi na madaftari matatu ya walezi mbele yake, akinakili nyakati zao ili zilingane, na hakujua kwamba saa zao zilikuwa mbele. Madaftari yalikusanywa Jumanne jioni. Kwa hiyo uliandikwa Jumanne usiku au baada ya hapo.

Ukurasa wa kweli ulikuwa umeondolewa. Na mtu haondoi ukurasa ili kubadilisha saa za salamu za asubuhi.

Akazima hita, akageuza gari.

* * *

Nedra Spendlove aliishi mtaa wa nyuma ya kanisa. Alikuwa na miaka sitini na minne, nywele fupi nyeupe, aproni yenye unga. Mezani kulikuwa na trei mbili kubwa za viazi vya jibini, vile vinavyopikwa msibani, maana Jumamosi kanisa lao lilikuwa na mazishi ya mtu mwingine kabisa. Alimkaribisha Ence bila kumtazama usoni. Akamwambia avute kiti, na kama ana njaa asiguse hivyo, ni vya marehemu.

Ence akauliza kuhusu redio. Nedra akasema aliyokuwa amefundishwa, neno kwa neno. Saa sita kasoro dakika kumi. Alilisema akiponda biskuti kavu za kunyunyiza juu ya viazi.

Ence hakubishana. Alifungua daftari la ofisi kwenye ukurasa wa Jumapili, akaliweka kati ya trei mbili.

"Huu mwandiko wako?"

"Wangu."

"Jumapili umeandika saa moja. Wamewahi."

"Waliwahi. Nilikuwa bado na gauni la kulalia."

"Jumatatu pia."

"Pia."

"Na Jumanne hawakuwahi."

Mikono yake ikaendelea kuponda biskuti. Ence akamwelekeza pole pole, kama anavyomwelekeza mtu njia: saa za walezi, Jumamosi usiku, ukuta wake. Akaweka daftari la Tamsin kando ya lile. Akaonyesha kwa kalamu. Hakupandisha sauti, na mwishoni hakusema ni nani mwongo.

Nedra aliangalia zile kurasa, moja baada ya nyingine. Kisha akakaa. Alikaa kwa uzito, kama mtu aliyetwishwa mzigo mwingine badala ya kutuliwa.

"Sikuwaza," alisema. "Ndugu Haslam alinisomea, mimi nikaandika. Alisema hakuna anayeongeza chochote, tunaweka tu mambo sawa. Wakili alikuwa amekaa pale pale. Nilijua ni dhambi. Sikujua kuwa ni dhambi ya kijinga."

"Ukurasa wa kwanza uko wapi?"

"Aliuchukua."

"Ulisemaje?"

"Saa moja na nusu. Kundi la Pili, hayupo, kusini, hana koti." Alifuta meza iliyokuwa safi. "Yule binti alizungumza vizuri. Alihema lakini alizungumza vizuri. Nikampigia Ndugu Haslam nyumbani. Akasema ningoje, asubuhi wanatoroka, mchana wanarudi kwa ajili ya chakula. Akasema tukiita helikopta kila mtoto akinuna, wazazi watawapeleka kwingine."

"Ukangoja."

"Nani amesema nilingoja?"

Ence aliacha kuandika.

Nedra akasimama, akafungua droo ya taulo za jikoni, akatoa kadi ndogo yenye gundi kwenye pembe nne. Namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nene, bila jina. Akaeleza kwamba Haslam aliibandika juu ya redio mwaka juzi na kumwagiza, likitokea la watoto usipige namba ya dharura, magazeti yanaisikiliza, piga hii kwanza, ni ya polisi wetu wenyewe. Jumanne usiku akamwambia aibandue na kuichoma. Aliibandua.

"Nilipiga kabla ya saa mbili," alisema. "Ndugu Haslam hajui mpaka leo. Nilimwambia nangoja, nikakata, nikapiga. Nina watoto sita, Ndugu Ence. Nje kulikuwa na barafu mpaka kwenye bomba."

Ence alichukua ile kadi. Tarakimu za mwanzo zilikuwa zile zile za kwenye kadi yake mwenyewe, na za simu zote za jengo la kaunti: polisi chini, mwendesha mashtaka na wajumbe wa kaunti juu, laini kumi na moja, orodha ikibadilika kila baada ya uchaguzi. Nne za mwisho hakuzijua. Hazikuwa za mezani kwake, wala za polisi wa zamu.

Akamuuliza nani alipokea. Mwanamume, Nedra alisema. Hakujitaja. Alimweleza yote, kundi, upande, koti, na yule mtu akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Akasema nini?"

"Akasema, tumeipata, Dada Spendlove. Usipige kwingine."

"Ulikuwa umemtajia jina lako?"

Nedra alifikiri. "Hapana."

Kwenye kijitabu cha Ence sasa kulikuwa na vitu viwili vya kumtoa Tamsin Pelkey kwenye kesi, ukurasa wa kughushi na shahidi aliyeughushi. Vyote viwili vilipaswa kumfikia mwendesha mashtaka kabla ya Jumatatu asubuhi. Kuvifikisha kulimaanisha kupanda ngazi za jengo lile lile, kupita kwenye zile meza na zile simu, na kumkabidhi mtu mkononi. Alijaribu kuhesabu ni watu wangapi kule juu ambao angeweza kuwapa karatasi hizo na kugeuza mgongo. Akaacha kuhesabu.

Akamwomba Nedra aandike yote kwa mkono wake na kutia sahihi nakala mbili. Aliandika kwa dakika arubaini, mwandiko umelala kulia. Nakala moja Ence aliikunja ndani ya kofia yake. Nyingine alimwambia aifiche mahali ambapo mumewe hawezi kuipata hata akitafuta chumvi.

Nedra alimsindikiza mpaka mlangoni, taulo begani. Nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye miamba na barabara haikuwa na mtu.

"Mimi nilidhani ni wewe," alisema.

"Nani?"

"Kwenye simu. Siku ile ulivyofika na helikopta ukapita mbele yangu, nikasema moyoni, huyu ndiye niliyezungumza naye asubuhi, mbona hata hanitazami."

Ence akamwambia kwamba Jumanne kuanzia saa moja mpaka saa tano alikuwa mahakamani kaunti ya jirani, mbele ya jaji na watu ishirini, akitoa ushahidi juu ya ng'ombe walioibwa.

Nedra akakunja taulo mara mbili, akaikunjua.

"Basi kama hukuwa wewe, Ndugu Ence," alisema, "ni nani aliyeniambia nisipige kwingine?"